Kasho si mila

Mu mkutano wa mwisho wa chama chetu, wakati tulikuwa tunaandika orodha ya vitu vya mila vya kuchunga, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akaomba kasho ya sheferi iandikwe pia. Alisema: ngoma ya Mwami ni mila, kiti cha Mwami ni mila, kwa hiyo na kasho ya Mwami ni mila, na siku mtaifunga, heshima ya Mwami itafungwa nayo. Watu wakapiga mikono. Sisi hatukupiga. Hatukusema kitu siku ile, juu saa kumi na moja zilikuwa zimefika na wengi walikuwa wa kurudi mbali, na pia, tukubali, juu ya haya ya kumpinga mzee mbele ya watu. Leo tunajibu kwa kalamu.

Kasho si mila. Ni deni ambayo tuliachiwa na mkoloni, nasi tunaendelea kuilipa kila siku kwa mbuzi na kwa maharagi ya mama zetu.

Tuanze na maneno yenyewe, kama tunavyofanya na wanafunzi. Tunasema kasho: ni neno la Kifaransa. Tunasema buloko: limetufikia na Kilingala cha waaskari. Tunasema gereza: limepanda kutoka pwani pamoja na misafara, na wenye elimu ya lugha wanasema pwani yenyewe ililipata kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa jina la kanisa. Maneno yote matatu ni wageni. Mtu anaweza kujibu kama hata barza ni neno la kuja, na ni kweli, nalo limetoka kule kule pwani. Lakini kitu ambacho barza inakitaja, watu wazima wamekaa, mwenye neno amesimama, wengine wanasikiliza mpaka jua linapinduka, kitu kile kilikuwa hapa kabla ya neno kufika. Ile nyumba ndogo ya nyuma yenye mlango mmoja na bila dirisha, ile haikuwa hapa.

Mwenye shaka asome hadithi ya Mwindo. Shé-Kárisi Rureke aliiimba kwa Kinyanga mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na ndugu yetu Kahombo Mateene wakaitoa mu kitabu mwaka 1969. Wanafunzi wetu wa Walikale wanaijua kwa sehemu, wale wa Masisi wanaisikia kama hadithi ya jirani, na ni aibu kwa sisi walimu kama bado tunawafundisha fabulo za wengine mbele ya hii. Mu hadithi yote ile, mahali pa kufungia mtu tunapakumbuka pamoja: ni ngoma. Shemwindo, Mwami, hakutaka mtoto mwanaume; alipozaliwa Mwindo, akamzika, na alipoona kuzika hakukufaa, akamtia mu ngoma, wakaziba, wakaitupa mu maji. Hiyo njo kasho ya kwanza ya Mwami ambayo hadithi zetu zinaijua. Na hadithi inaihesabu kama kosa. Haisifu hata kidogo. Baadaye, baba anapokamatwa na kurudishwa Tubondo, Mwindo hamfungi. Anaitisha watu wote. Shemwindo anasimama mbele ya bakungu na mbele ya watu wake anasema ubaya wake kwa kinywa chake mwenyewe. Dada yake, Iyangura, mwanamuke, anamkaripia pale pale mbele ya wote. Kisha utawala unagawanywa, baba upande, mtoto upande. Na hukumu haikuishia kwa baba. Mwindo mwenyewe alipojivuna na kuua lile joka, rafiki ya Nkuba, Nkuba alimpandisha juu mu baridi, mvua na jua, mwaka muzima, mpaka akafundishwa. Mwenye kuhukumu naye alihukumiwa.

Hatuseme kama zamani ilikuwa paradiso. Mu nchi zetu hizi za mlima na pori kulikuwa na sumu ya kupima uchawi, kulikuwa na kufukuza mtu kwao, kulikuwa na kutoa mtoto wa kike ili kulipa damu. Vitu vile tumeviacha na hakuna anayeomba viandikwe mu orodha. Basi kwa nini kasho, ambayo hata si ya mababu, iombewe kiti?

Sasa tuangalie nyumba zenyewe. Msomaji anazijua: matofali ya kuchoma ao mawe, mabati yenye kutu, mbele barza ndefu yenye nguzo, ndani chumba cha karani na meza ya zuzi, nyuma kasho. Nyumba hizi, ao zile zilizozifuata palepale kwa msingi uleule, zinatokana na dekreti ya 15 Aprili 1926, ambayo Wabeleji walitengeneza tribinali za "wenyeji". Tarehe 5 Desemba 1933 wakatoa dekreti ingine ya kupanga sheferi na kuunda sekta. Hapo njo tulipopata sura tuliyo nayo mpaka leo: Masisi na sheferi za Bahunde na Bashali na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi, Walikale na sekta za Wanianga na Bakano. Mwami ao shefu wa sekta alikuwa zuzi, notabule wakikaa kando yake, na juu yao tribinali ya teritware, ambayo administrateri mzungu alikuwa anaikalia mwenyewe kiti cha mbele.

Walisema wanachunga mila. Lakini angalieni makosa yaliyopeleka watu mu kasho. Kukosa kulipa kodi ya kichwa. Kukosa kulima shamba la lazima. Kukosa kuja kwa kazi ya barabara. Ile dekreti ya 1933 iliweka siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita ya Ulaya, wakazipandisha mpaka 120. Mzee gani wa Kihunde ao wa Kikano aliwahi kumwachia mjukuu wake mila inayosema kama asiyefikisha kilo za kaucho afungwe? Mwami aligeuzwa mkono wa kukusanya, na mkono ukapewa ufunguo na fimbo. Fimbo ile ya ngozi ya kiboko iliondolewa kabisa mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru! Tribinali iliitwa ya mila, lakini kazi nyingi ilizofanya zilikuwa za bilo ya kodi. Nyumba ilikuwa moja, na milango ilikuwa mitatu: mbele unalipa, katikati unahukumiwa, nyuma unalala.

Na watu wetu hawakuiona kama mila yao. Kuanzia Januari mpaka Mei 1944 kulitokea yale maasi ambayo vitabu vinayaita ya Masisi-Lubutu, ya watu wa Kitawala wakiongozwa na Bushiri Lungundu. Kaucho, kazi ya lazima na kufungwa vilikuwa vimewachosha. Yalizimwa kwa bunduki. Kisha wafuasi wengi wa Kitawala wakachukuliwa mbali na kwao, wengine mpaka Ekafera mu Ekwateri, kambi ambayo Wabeleji walikuwa wanawaweka wale waliowaita wa hatari. Ni ajabu kama leo mjukuu wa watu wale anasimama mu mkutano na kuitetea kasho kama kitu cha babu yake.

Mwaka 1960 Wabeleji wakaenda, na ufunguo ukabaki. Sheria za nchi hazikunyamaza: 1968 zilianza kuleta Tribinali ya Amani, 1978 zikarudia, na sheria ya 11 Aprili 2013 imesema tena kama tribinali za mila zinaachwa kwa muda tu, mpaka ile ya Amani ifunguliwe mahali pale. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungo cha 18, inasema mtu akikamatwa aambiwe sababu mara moja na kwa lugha anayosikia, na asishikwe zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya wenye sheria. Nchi yetu ilitia pia mkono mu mwaka 1976 kwa mapatano ya dunia yanayokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni ya mapatano. Kwa karatasi, tuko watu huru sana.

Njoo sasa mu kituo kimoja cha sheferi, ambacho hatutakitaja. Kijana mmoja tuliyemfundisha alikamatwa kwa sababu kaka yake mkubwa alikuwa na deni ya mbuzi na alikuwa amekwenda kwenye machimbo. Kaka hakuonekana, wakamchukua mdogo. Siku tano. Hakuna aliyeandika jina lake mu kitabu. Mama yake alikuwa anatembea kila asubuhi na chakula, juu kule hawapiki, na siku ya tano aliuza maharagi ya mbegu, akalipa lamande, akalipa pesa ya karatasi, akalipa na pesa ya kufungua mlango. Tulipokwenda kuuliza, notabule mmoja, mtu mupole kabisa, alitujibu: "Mwalimu, sasa na wewe? Hii njo mila yetu." Tulirudi bila neno. Kijana alitupatia vipimo vya kasho, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kuipima: hatua tatu kwa mbili, watu saba.

Neno lile la notabule limetuuma kuliko lamande. Mtu akisema "sheria", unaweza kutafuta avoka, unaweza kuandika kwa prokurere. Akisema "mila", amekufunga kinywa pia, kwa sababu ukipinga unaonekana unamtukana babu yako.

Na kuna jambo lingine, la kuogopesha zaidi. Wenye bunduki nao wamesoma shule ileile. Mu miaka hii yote, mu Masisi na mu Walikale, watu wetu wamejua jeto: kikaratasi cha mwezi ambacho kundi lenye silaha linauza kwa nguvu. Unacho, unapita kwenye kizuizi. Huna, unashukishwa mu andaki, shimo ndani ya udongo, mpaka ndugu zako walete pesa. Linganisheni na kodi ya kichwa ya mwaka 1935 na nyumba ya nyuma. Tofauti ni mabati tu. Kila anayefika na bunduki anajua kupata kitu cha kwanza, ni mahali pa kufungia watu, na akiikuta kasho imekwisha kujengwa, anashukuru. Mwaka 2025 vita ilifika mu mji mdogo wa Masisi mu Januari na mu ule wa Walikale mu Machi. Tarehe 27 Januari mwaka uleule gereza kuu la Munzenze, Goma, lililojengwa kwa watu 150 hivi na lililokuwa na maelfu, lilifunguka mu machafuko. Wanawake wengi waliungua ndani, na watoto pamoja nao. Hatuhitaji kuongeza kitu juu ya ile.

Sasa tugeukie wenzetu wa upande mwengine, vijana wasomi wanaosema: kama ni hivyo, tubomoe. Nyumba za fimbo za nini? Mabati yake yatafunika shule. Kuna mahali walikwisha kuanza, na mlango umetembea, na fremu za dirisha zimetembea. Hawa pia tunawapinga, na kwa nguvu zaidi, juu wanajua kusoma.

Ndani ya nyumba zile kuna chumba cha karani, na mu chumba cha karani kuna daftari. Tumeshika moja kwa mikono yetu. Kava imeliwa na mende, kurasa za mwanzo zimeshikana kwa maji, lakini za katikati zinasomeka: Kiswahili cha karani, herufi za kuinama, wino wa bluu uliogeuka rangi ya chai. Jina la mshtaki, jina la mshtakiwa, kilima, mto, mti wa mpaka, nani alitoa mbuzi wa kuingilia shamba na mbele ya nani, zuzi wamesema nini. Mzee mmoja aliyekuwa pamoja nasi alicheka akasema: "Siye tulikuwa tunaogopa karani kuliko zuzi. Zuzi anasahau. Karani njo mwenye kuandika."

Mu nchi hii watu wanauana kwa ajili ya kilima, na vilima vile viliandikwa. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa wa serikali, na kwa mashamba ya mila ikaahidi amri ya Rais ambayo haikuja. Hivi shamba la mkulima wa Masisi halina karatasi, isipokuwa ile hukumu ya barza ambayo baba yake ao babu yake alishinda ao alishindwa. Gishari ilifanywa sheferi ya watu walioletwa kutoka Rwanda, ikavunjwa mwaka 1957. Anayeuliza leo nani alikaa wapi, kwa mapatano gani, alitoa nini, alipokea nani, ataenda wapi? Kwa wanasiasa? Kila kabila ina mwanasiasa wake na kila mwanasiasa ana historia yake ya mfukoni. Mwezi wa tatu 1993, moto ulipowaka kwenye soko ya Ntoto, mu Walikale, na kuenea Masisi, hakuna aliyefungua daftari. Hatuseme kama daftari lingezima moto. Tunasema tu kama mtu akikuambia "kilima hiki hakikuwahi kuwa chenu" na karatasi imechomwa, mmebaki wawili na panga. Na daftari lile haliko upande wa kabila moja: mu kurasa tulizosoma, Muhunde anamshinda Muhunde mwenzake, Munyarwanda anashinda Muhunde, mwanamuke mjane anashinda shemeji yake. Ule wa mjane tuliusoma mara mbili, kwa furaha.

Kwa hiyo anayeng'oa mabati ya nyumba ile kwa sababu ya fimbo, analoweshea watoto wake ushuhuda.

Turudi kwa mzee wetu, kwa sababu ana haki mu jambo moja, na sisi si watu wa kuficha haki ya mwingine. Atasema: ninyi wasomi mnatuambia Tribinali ya Amani. Iko wapi? Teritware ya Walikale ina kilometa za mraba 23 475, karibu sawa na Rwanda yote, na ni karibu mara tano ya Masisi yenye 4 734. Mama anayegombea mstari wa mihogo atembee siku ngapi mu pori, apite vizuizi vingapi, alale kwa nani, ili akutane na zuzi asiyejua lugha yake wala jina la mto wake? Anakwenda kwa Mwami, anahukumiwa siku ileile, anarudi kupika. Ni kweli kabisa. Tumeona kesi za mpaka zikimalizwa kwa asubuhi moja chini ya mabati ya barza, pombe ya ndizi ikaletwa, na wale wawili wakanywa kwa mrija mmoja. Kesi kama zile mjini zinazeeka pamoja na wenye kesi. Hata sheria ya serikali inajua hiyo, maana inasema zuzi wa Amani akikata neno la mila, awaite notabule wenye kuijua wakae pamoja naye.

Lakini mzee wetu anachanganya barza na kasho kwa sababu amezikuta chini ya mabati mamoja. Mwami anayepatanisha hahitaji kufuli. Watu wanakubali neno lake kwa sababu wanarudi kukaa pamoja kwenye kilima kimoja, wanaoana, wanazikana. Heshima yake inatoka pale. Yule anayehitaji kufuli ni mkusanya kodi. Shefu anayeshindwa kuhukumu bila kasho atuambie kinachompa watu: ni kiti cha baba yake ao ni chumba cha administrateri? Na bamwami tunaowajua, wale ambao watu wanatembea mbali kuwatafuta hata kutoka sheferi ingine, kasho zao zina mbuzi na magunia ya makaa.

Tunaomba hivi kwa kamati. Neno "kasho" litoke mu orodha ya mila. Nyumba ibaki mu orodha, yote, pamoja na chumba cha nyuma, lakini kile chumba kitolewe mlango, kipigwe chokaa, na juu ya ukuta iandikwe kwa Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kikano, Kinyarwanda na Kiswahili ni nini kilifanyika mle na kwa amri ya nani, tangu mwaka gani. Wanafunzi waingie, wahesabu hatua tatu kwa mbili, watoke. Mlango wenyewe uchongwe meza kwa ajili ya karani, maana tuliyemuona anaandika juu ya goti. Daftari zote zipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa. Simu za wanafunzi wetu, ambazo tunazinyanganya kila siku mu darasa, zinatosha kwa kazi hiyo, na nakala zikae mahali patatu tofauti, moja mbali na vita. Kama mtu anaogopa kama daftari litaonyesha babu yake alishindwa, tunaelewa. Babu yetu sisi alishindwa kwenye ukurasa wa 41, kwa ajili ya bwawa la samaki, na tunaona zuzi walikata vizuri.

Tumekwisha kusema na mkubwa wa masomo. Darasa la tano watakuja na mita, na daftari zao, na walimu wawili, Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani. Kitu kimoja tu hatujapata. Tumeuliza kwa sekretere, tumeuliza kwa polisi, tumeuliza kwa karani, na kila mmoja anamtaja mwengine: ufunguo uko kwa nani?